Udi kwa Anayeanza: Kufunga Nyuzi, Kuzipatanisha na Kupiga Maqam ya Kwanza

Wengi wanaopata udi kwa mara ya kwanza humpa mtu mwingine aufunge nyuzi na kuupatanisha, kisha wao huanza moja kwa moja na vidole. Naielewa hamu hiyo, lakini nashauri njia nyingine: wiki mbili za mwanzo zitumike kwa nyuzi na vigingi tu, kwa mikono ya mwanafunzi mwenyewe. Shingo ya udi ni laini tupu. Haina vile vipande vya chuma vinavyoikata shingo ya gitaa na kumwonyesha mpigaji mahali pa kila sauti. Katika udi sikio ndilo linaloamua kidole kikae wapi, na hakuna kazi inayolinoa sikio hilo kama kuzileta nyuzi mbili mpaka zisikike kama uzi mmoja. Asiyeweza kuupatanisha udi wake hawezi kujua kama kidole chake ndicho kilichokosea au ni uzi uliolegea.

Viungo vya udi

Kwa Kiarabu neno lenyewe, al-ud, lina maana ya mti au kijiti, na ndilo lililozaa jina la ala ya Ulaya iitwayo lute. Mgongo wa udi hujengwa kwa mbavu nyembamba za mbao zilizokunjwa kwa joto na kugundishwa ubavu kwa ubavu. Kifua, yaani ubao wa mbele, hutengenezwa kwa mti mwepesi kama sprusi au seda, nao ni mwembamba, milimita 2 au pungufu, ukishikiliwa kwa ndani na vijiti vya kuutegemeza. Nyuzi hufungwa kwenye kipande cha mti kilichogundishwa kifuani, ambacho Waarabu hukiita farasi nami hapa nitakiita daraja. Kutoka hapo hupita juu ya pua, yaani kijipande cha mfupa kilicho mwisho wa shingo, na kuishia kwenye vigingi vya kichwa kilichokunjwa kuelekea nyuma.

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano, na uzi mmoja mnene usio na mwenzake. Unapouketisha udi mapajani, jozi nyembamba kabisa ndiyo iliyo karibu na sakafu, na uzi mnene uko juu, karibu na uso wako. Hesabu huanzia kwenye jozi nyembamba, kwa hiyo ninapotaja jozi ya kwanza nina maana ya ile ya chini.

Kabla ya kununua nyuzi, chukua rula upime urefu kutoka ukingo wa ndani wa pua hadi ukingo wa mbele wa daraja. Udi wa Kiarabu huwa na takriban sentimita 61 hadi 62, na wa Kituruki huwa mfupi zaidi, takriban 58.5. Kipimo hiki si cha mapambo. Nyuzi huuzwa kulingana na urefu na kulingana na mpangilio wa sauti, na mpangilio wa Kituruki uko toni nzima, yaani hatua moja kamili ya sauti kama kutoka C hadi D, juu ya ule wa Kiarabu ninaoutumia hapa. Ukichukua nyuzi zilizokusudiwa mpangilio wa Kiarabu ukazipandisha toni nzima juu ya udi uleule, mvuto wake huongezeka kwa robo hivi, na kifua chembamba namna ile kitaubeba mzigo huo mchana na usiku. Kila uzi wa udi huvuta kwa uzito wa takriban kilo 3, hivyo nyuzi zote 11 kwa pamoja huvuta zaidi ya kilo 30. Nyuzi za chuma za gitaa huvuta zaidi ya hapo kwa mbali, na kuzifunga kwenye udi ni kuling'oa daraja.

Ukaguzi mfupi

Tazama mambo matatu tu. Kwanza, ingiza karatasi nyembamba nyuma ya daraja. Ikipenya chini yake, daraja limeanza kuachia gundi na udi huo unahitaji fundi kabla ya nyuzi mpya. Pili, pima kimo cha nyuzi pale shingo inapokutana na kifua: milimita 3 au chini kidogo ni nzuri, na zikipita 4 vidole vya anayeanza vitaumia bure, naye atadhani kosa ni lake. Tatu, zungusha kila kigingi. Kigingi cha udi hakina meno wala skrubu. Hushikilia kwa msuguano wa mti kwa mti. Kikiteleza, kitoe na ukipake chaki kavu. Kikikwama, kipake sabuni kavu ya kipande. Vigingi vingine hutaka vyote viwili kwa mchanganyiko, na utajua kiasi chake kwa kujaribu.

Kufunga nyuzi

Usifungue nyuzi zote kwa pamoja. Kifua kimezoea mvuto, na kuuondoa wote kwa mara moja, kisha kuurudisha wote kwa mara moja, ni mshtuko usio na sababu. Badilisha jozi moja hadi mwisho ndipo uende kwenye inayofuata. Kabla ya yote, piga picha mbili za kichwa, moja kwa kila upande, kwa sababu mafundi hawakubaliani kuhusu uzi upi uende kwenye kigingi kipi, na picha itakuonyesha mpangilio wa udi wako. Ikiwa udi ulikuja bila nyuzi, shika kanuni moja tu: uzi unaotoka puani ufike kwenye kigingi chake bila kuegemea kigingi wala uzi mwingine.

Seti ya nyuzi ina za aina mbili. Jozi ya kwanza na ya pili ni za nailoni tupu, na jozi ya kwanza huwa karibu na unene wa milimita 0.6. Zilizobaki zina kiini cha nyuzinyuzi laini kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Zipange mezani kwa unene kabla ya kuanza, kwa sababu nyuzi mbili za jozi moja lazima ziwe sawa kabisa, na macho hukosea kwa urahisi kati ya nailoni mbili zinazokaribiana.

Anza kwenye daraja. Pitisha ncha ya uzi katika tundu lake kutoka upande wa shingo, itokee nyuma. Irudishe juu ya daraja hadi mbele, ipitishe chini ya uzi wenyewe ili ifanye kitanzi, kisha ichomeke chini ya kile kipande cha uzi kinacholala juu ya daraja. Nailoni huteleza, kwa hiyo ichomeke mara mbili au tatu, na mchomeko wa mwisho ukae upande wa nyuma wa daraja, usirudi mbele. Uzi wa shaba hutosheka na mara moja au mbili. Shika ncha kwa mkono mmoja na uzi kwa mkono mwingine, vuta pande zote mbili hadi fundo likae kimya. Acha sentimita moja na nusu ya ncha. Ukiikata fupi mno, fundo likisogea usiku, uzi utafyatuka.

Kisha nenda kichwani. Vuta kigingi nje kidogo, tundu lake likutazame. Pitisha uzi kwenye tundu, ukunje ncha yake na kuilaza chini ya mzunguko wa kwanza ili uzi ujifunge wenyewe. Zungusha ukiwa umeushika uzi kwa mkono wa pili, usiuache ulegee, na kila mzunguko mpya ukae karibu zaidi na mpini wa kigingi. Hii ndiyo siri ambayo wengi hawaambiwi: mizunguko ikielekea kwenye mpini, uzi wenyewe hukivuta kigingi ndani ya tundu lake na kukikaza, ikielekea upande wa pili, hukisukuma nje, na hapo hakuna chaki itakayokisaidia. Mizunguko mitatu au minne inatosha.

Nyuzi za shaba zina onyo lake. Usikate ncha yake kabla uzi haujafungwa, kukunjwa vizuri kwenye kigingi na kupanda sauti. Mkunjo huo mkali ndio unaoishika ile waya ya nje. Ukikata uzi ukiwa umenyooka, waya huanza kujifungua kimya kimya, na baada ya siku chache uzi mzima hulia kama umefunikwa kitambaa. Nilipoteza uzi wa besi kwa njia hiyo katika seti yangu ya kwanza, na nilitumia wiki nzima nikilitafuta kosa kwenye daraja.

Mwisho, chora ndani ya mifereji ya pua kwa penseli ya kawaida. Unga wa penseli hulainisha njia, na uzi hauruki kwa vishindo unapoupandisha.

Kupatanisha

Huu ndio mpangilio wa Kiarabu ninaomshauri anayeanza, kuanzia jozi ya kwanza iliyo nyembamba kwenda kwenye uzi mnene: C, G, D, A, F, C. Kipimo cha sauti kwenye simu kitaonyesha takriban hezi 261.6 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) kwa jozi ya kwanza, 196 kwa ya pili, 146.8 kwa ya tatu, 110 kwa ya nne, 87.3 kwa ya tano na 65.4 kwa uzi wa mwisho. Angalia namba hizo na si herufi pekee, kwa sababu herufi C hujitokeza tena kila oktava, na kuna nyuzi zilizokatika kwa kufuata C ya juu zaidi ya inayotakiwa.

Wapo wanaoipanga jozi ya tano na uzi wa sita kwa sauti nyingine, na katika maqam fulani, yaani mifumo ya noti inayojenga muziki wa Kiarabu, wako sahihi. Kwa sasa shika mpangilio mmoja. Ukibadilisha besi kila wiki, sikio halitapata mahali pa kutia nanga.

Kupatanisha kwenyewe hufanywa hivi. Ziba uzi mmoja wa jozi kwa kidole, piga mwenzake peke yake. Mara zote anza chini ya sauti unayoitaka na upande kuifikia, ukikisukuma kigingi ndani huku ukikizungusha, mwendo mmoja wa mkono. Ukipita juu, shusha hadi chini ya sauti na upande upya, kwa sababu uzi ulioachwa baada ya kushushwa huendelea kushuka. Uzi wa kwanza ukishatulia, weka simu pembeni na ulete wa pili kwa sikio. Nyuzi mbili zinapokaribiana utasikia sauti ikipwita kama mawimbi: zikitofautiana kwa hezi 4 itapwita mara nne kwa sekunde, zikitofautiana kwa hezi 1 itapwita mara moja. Kadiri unavyokaribia, mawimbi hupungua kasi, hurefuka, hatimaye hutulia. Subiri utulivu huo, usiukisie.

Anza na jozi ya kwanza hadi uzi wa mwisho, kisha rudi tangu mwanzo, kwa maana kila uzi unaokaza hukishusha kifua kidogo na kulegeza nyingine. Duru tatu ni kawaida. Nailoni mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, na katika siku hizo udi utatoka kwenye sauti kabla hujamaliza zoezi moja. Usikasirike wala usikilaumu kigingi, patanisha tena. Mtu anayefanya hivyo mara sita kwa siku amefundishwa sikio mara sita.

Baada ya juma la kwanza, jifunze kukagua bila simu. Kati ya jozi na jozi kuna masafa ya noti nne, isipokuwa kati ya F na A, ambako ni noti tatu. Kwa hiyo ukibana jozi ya D kwenye robo ya urefu wa uzi, yaani sentimita 15.4 kutoka puani kwa udi wa sentimita 61.5, lazima utoe G ileile ya jozi iliyo wazi chini yake. Ndivyo pia A inavyozaa D, G ikizaa C, na uzi mnene ukizaa F. Kwenye jozi ya F, A hupatikana mapema zaidi, sentimita 12.7 hivi.

Mkao na risha

Keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, udi ukae juu ya paja la kulia, mgongo wake ukigusa tumbo na kifua chake kikitazama mbele. Kuuinamisha ili uone vidole ni kosa la siku ya kwanza, nalo hufuata watu kwa miaka: huukunja mgongo na kuubana mkono wa kushoto. Uzito wa udi ushikwe na paja na kigasha cha mkono wa kulia kinacholala kwenye ukingo wa juu. Jipime kwa kuondoa mkono wa kushoto kabisa; udi usiyumbe.

Risha ni kipande kirefu na chembamba cha plastiki au pembe, na jina lake lina maana ya unyoya, kwa sababu kwa karne nyingi ilikuwa unyoya. Mapokeo humhusisha Ziryab, mwanamuziki wa Cordoba wa karne ya 9, na risha ya unyoya wa tai, pamoja na kuongeza uzi wa tano. Irefushe risha ndani ya kiganja, ishikwe kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na ncha fupi tu itokeze. Kifundo cha mkono kikunjike kuelekea chini, na pigo litoke hapo kwenye kifundo. Piga kati ya tundu kubwa la kifuani na daraja: karibu na daraja sauti hukauka, karibu na tundu hunenepa.

Siku za mwanzo piga chini tu, jozi wazi moja baada ya nyingine, mapigo manne kwa kila jozi, risha ikizigusa nyuzi zote mbili na kupumzika juu ya jozi inayofuata. Pigo la kwenda juu liongezwe tu baada ya la chini kuwa na sauti nene na sawa. Na kila unapohamia jozi mpya, hamia kwa pigo la chini.

Kuzitafuta noti za Rast

Wapo walimu wanaoanza na ngazi za noti ambazo piano inazo, wakisema robo za toni zitakuja baadaye. Mimi naona ni afadhali kuanza na maqam Rast, kwa sababu ndani yake kuna noti mbili ambazo piano haina, na sikio linalozizoea mapema halitazisikia kamwe kama makosa. Noti za Rast ni C, D, E iliyoshushwa robo ya toni, F, G, A, B iliyoshushwa robo ya toni, na C ya juu.

Kwa udi wa sentimita 61.5, bana jozi ya A kwa kidole cha pete kwenye sentimita 9.8, hiyo ndiyo C ya kuanzia. D ni jozi ya tatu wazi. Kwenye jozi hiyohiyo, kidole cha shahada kikae sentimita 5.1 upate E iliyoshushwa, na cha pete kwenye 9.8 upate F. G ni jozi ya pili wazi. Juu yake A iko sentimita 6.7, kwa kidole cha shahada, na B iliyoshushwa karibu 11.3, kwa kidole cha pete. C ya juu ni jozi ya kwanza wazi. Kama udi wako ni wa urefu mwingine, zidisha urefu wake kwa 0.083 kupata mahali pa ile E, kwa 0.109 kupata toni nzima, kwa 0.159 kupata kipimo cha C na F, na kwa 0.183 kupata ile B.

Weka alama ndogo za karatasi ya gundi ubavuni mwa shingo kwenye vipimo hivyo, lakini uzichukulie kama fimbo ya mgonjwa anayepona. Vipimo vyangu vinagawanya toni kwa usawa, ilhali wapigaji hawafanyi hivyo: E ya Rast katika mikono ya Mturuki hukaa juu kuliko ya Mmisri, na hata mpigaji mmoja huishusha kidogo anapoingia kwenye maqam Bayati. Kubana kwenyewe nako huuvuta uzi na kuipandisha sauti kidogo, hasa kwa anayebana kwa nguvu. Bana kwa ncha ya kidole, karibu na ukucha uliokatwa vizuri, ukizishika nyuzi zote mbili za jozi, na kidole gumba kitulie nyuma ya shingo bila kuikamata.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni hili. Acha uzi wa besi wa C ulie, kisha piga E iliyoshushwa polepole juu yake. Isogeze milimita moja juu, milimita moja chini, usikilize inapokaa bila kugombana na besi. Rudia mpaka kidole kiende pale macho yakiwa yamefumbwa. Dakika kumi za zoezi hili kila siku zina faida kuliko saa nzima ya kukimbia ngazi juu na chini.

Ngazi ikishatulia, cheza na nusu yake ya chini pekee: C, D, E, F, na kurudi. Piga noti mbili, nyamaza, piga tatu, nyamaza, kila sentensi ikiishia C. Siku nyingine ziishie G, ambayo ndiyo mahali pa pili pa kupumzikia katika Rast, kisha ushuke taratibu. Hivyo ndivyo taksimu hujengwa, yaani upigaji huru bila mdundo: hukaa chini kwa muda mrefu, hupanda kwa subira, na hurudi nyumbani. Kati ya sentensi na sentensi gusa besi ya C mara moja. Ikionekana imeshuka, simama hapo hapo, ishike F ya jozi ya tano, upatanishe besi nayo kwa sikio, kisha endelea pale ulipoachia.